Kuandaa Miyoo Mini Plus kwa Gemu za Zamani, Kuanzia Memori Kadi Tupu

Maswali ya wanaoanza na Miyoo Mini Plus, kifaa kidogo cha mkononi cha kuchezea gemu za zamani, ni yaleyale. "Nimewasha, imekwama kwenye nembo." "Nimeweka gemu lakini hazionekani." "Gemu za PlayStation zinaleta kioo cheusi." Anayeuliza huwa anadhani ameuziwa kifaa kibovu. Mara nyingi kifaa ni kizima, shida iko kwenye memori kadi: ni feki, imefomatiwa vibaya, au mafaili yamewekwa pasipo pake. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye kadi. Kadi ikishakaa sawa, kazi iliyobaki ni nyepesi.

Nimechagua Miyoo Mini Plus na mfumo wa Onion, yaani programu inayoendesha kifaa badala ya ile ya kiwandani, kwa sababu wanaoanza wengi wananunua kifaa hiki, na Onion ndio mfumo unaosumbua kidogo kuliko mingine niliyoshika. Hakikisha jina la kifaa chako kabla ya kuendelea. Onion ni ya Miyoo Mini na Miyoo Mini Plus. Ukiwa na Miyoo A30, Miyoo Flip au kifaa cha Anbernic, usiiweke Onion. Mambo ya kadi na mafaili ya gemu yatakufaa, ila mfumo ni mwingine.

Kifaa kinaweza nini

Kilitoka mwaka 2023. Kina kioo cha inchi 3.5 chenye nukta (pikseli) 640 kwa 480, RAM ya MB 128, betri ya mAh 3000 na Wi-Fi. Kwa nguvu hiyo kinacheza vizuri NES, Super Nintendo, Game Boy zote tatu (ya kawaida, Color na Advance), Sega Master System, Mega Drive, gemu nyingi za zile mashine za sarafu, na PlayStation ya kwanza. Tekken 3 inakwenda bila kukwama. Nintendo 64, Dreamcast, PSP na PS2 usizihangaikie hapa. Wanaotangaza kwamba kifaa hiki "kinacheza kila kitu" wanakudanganya.

Pia hakina kijiti cha analogi. Gemu chache za PlayStation zilizotengenezwa kwa kijiti tu, kama Ape Escape ya 1999, hazitachezeka.

Onion yenyewe ni ya bure, imetengenezwa na watu wanaojitolea, na inakaa kwenye kadi. Ukichomoa kadi, kifaa kinabaki kilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo jaribu bila hofu. Ukivuruga kabisa, unafomati kadi na kuanza upya.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Miyoo Mini Plus yenye chaji zaidi ya nusu.
- Memori kadi mpya ya microSD, GB 32 hadi 128, ya kampuni inayoaminika kama SanDisk au Samsung, kutoka duka linaloweza kukurudishia pesa.
- Kadi rida. Ile ndogo ya kuchomeka kwenye USB inatosha.
- Kompyuta ya Windows, Mac au Linux. Simu inaweza kufanya baadhi ya kazi hizi, lakini usianze nayo.
- Chaja ya kawaida ya volti 5 na waya wa USB wa zamani upande mmoja, USB-C upande wa pili.
- Mafaili ya gemu zako.

Kuhusu chaja, tafadhali usipuuze. Usichomeke chaja ya kasi ya simu mpya. Kifaa hiki kinataka volti 5 na ampea 1.5 hivi, na wapo waliounguza vifaa vyao kwa chaja za kasi. Chaja ya simu ndogo ya vitufe au tundu la USB la kompyuta ni salama zaidi.

Kuhusu kadi iliyokuja ndani ya boksi: iweke pembeni. Wauzaji wengi huweka kadi ya bei ya chini kabisa isiyo na jina, na kadi hizo hufa bila taarifa, zikaondoka na sevu zako zote. Ukitaka kilichomo, kikopi kwenye kompyuta kwanza.

Na gemu. Emuleta, yaani programu inayoiga konsoli ya zamani, si haramu; mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua hivyo mwaka 2000 katika kesi ya Sony dhidi ya kampuni ya Connectix. Gemu zenyewe ndizo zenye hakimiliki, kwa hiyo njia safi ni kunakili zile unazomiliki. CD ya PlayStation unaweza kuinakili kwa kompyuta yenye draivu ya CD, kwa programu ya bure kama ImgBurn ya Windows. Itakupa faili la .bin, ambalo ndilo gemu yenyewe, na la .cue linaloielezea. Kaseti za Game Boy zinasomwa na vifaa vidogo vya USB kama GB Operator. Ukiwa huna kaseti hata moja, anza na gemu mpya zinazotengenezwa kwa konsoli za zamani. Tobu Tobu Girl ya Game Boy ni ya bure kabisa, na Micro Mages ya NES, iliyotoka 2019, inauzwa kama faili la kucheza kwenye emuleta. Zote mbili ni gemu nzuri zenyewe.

Hatua kwa hatua

1. Pima kadi kama ni ya kweli. Kadi feki zimejaa sokoni: imeandikwa GB 128, ndani ina 8. Inakubali mafaili, halafu yanayozidi uwezo wake yanapotea kimyakimya. Kwenye Windows tumia programu ya H2testw. Kwenye Mac na Linux tumia F3. Inaandika kadi nzima kisha inaisoma tena. Kadi kubwa inachukua saa kadhaa, iache ifanye kazi yake. Ikileta makosa, rudisha kadi dukani. Usijaribu kuitumia "hivyohivyo".

2. Fomati kadi iwe FAT32, yaani mpangilio wa mafaili ambao kifaa hiki kinausoma. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kadi zinazozidi GB 32 huja zikiwa exFAT, mpangilio mwingine, na kifaa hakitaisoma Onion humo. Windows kwa kawaida haikupi FAT32 kwa kadi kubwa, kwa hiyo tumia Rufus: chagua kadi yako, kwenye Boot selection weka Non bootable, kwenye File system weka FAT32, kisha Start. Kwenye Mac fungua Disk Utility, chagua MS-DOS (FAT) na mpangilio wa Master Boot Record. Angalia mara mbili kwamba umechagua kadi na si diski nyingine. Kufomati kunafuta kila kitu.

3. Pakua Onion. Nenda kwenye ukurasa wa mradi wa OnionUI ulioko kwenye tovuti ya GitHub, sehemu ya Releases, uchukue faili la zip la toleo la karibuni. Usichukue lile lililoandikwa Source code. Hilo ni la watengenezaji. Usichukue pia Onion iliyokwisha kupakizwa gemu elfu kadhaa na mtu usiyemjua.

4. Fungua zip, kisha kopi vilivyomo hadi kwenye kadi. Soma hatua hii polepole. Usiikopi zip yenyewe, wala folda lililoundwa na zip. Ingia ndani ya folda hilo, chagua vyote, ukopi. Ukifungua kadi unatakiwa uone folda kama miyoo na BIOS mara moja, bila kupitia folda jingine. Kuna folda linaloanza na nukta, .tmp_update, ambalo Mac na Linux hulificha. Kwenye Mac bonyeza Command, Shift na kitufe cha nukta kwa pamoja ili lionekane. Hilo likikosekana, Onion haitawaka.

5. Toa kadi kwa utaratibu. Tumia Eject kabla ya kuichomoa. Kadi iliyong'olewa katikati ya kuandika huharibika mpangilio wake, na utatafuta kosa mahali ambapo halipo.

6. Washa. Kifaa kikiwa kimezimwa, ingiza kadi mpaka ibane, kisha washa. Usakinishaji unaanza wenyewe. Usizime, usichomoe kadi, hata ukiona kama kimeganda. Kikimaliza, fuata maelekezo kwenye kioo.

7. Chagua konsoli. Kuna sehemu inaitwa Package Manager, ndipo unapochagua emuleta za kuweka. Usiweke zote. Ukiweka arobaini, menyu inakuwa msitu na utatumia sita. Weka tiki kwenye unazozihitaji. Nyingine utaziongeza baadaye kutoka sehemu hiyohiyo.

8. Weka gemu kwenye folda zake. Zima kifaa, rudisha kadi kwenye kompyuta, fungua folda la Roms. Kila konsoli ina folda lake na majina ni ya mkato: FC ni NES, SFC ni Super Nintendo, GB, GBC na GBA ni Game Boy zote tatu, MD ni Mega Drive, MS ni Master System, PS ni PlayStation, ARCADE ni mashine za sarafu. Usibadilishe majina haya na usitengeneze folda lako "Gemu za PlayStation". Onion haitalijua.

9. Weka BIOS ya PlayStation. Gemu za NES, SNES na Mega Drive hazihitaji kitu cha ziada. PlayStation inataka faili la BIOS, yaani programu iliyokuwa ndani ya konsoli yenyewe, kwa mfano scph5501.bin. Linakwenda kwenye folda la BIOS juu kabisa ya kadi, si ndani ya Roms, na jina liwe sawasawa herufi kwa herufi. Bila hilo baadhi ya gemu zitawaka kwa kubahatisha na nyingine zitagoma kusevu. BIOS nayo ni mali ya Sony. Inatakiwa itoke kwenye konsoli yako.

10. Rudisha kadi, sasisha orodha. Washa, ingia Games. Usipoiona gemu uliyoweka, bonyeza SELECT ukiwa kwenye orodha, chagua kusasisha, yaani Refresh roms. Kisha cheza.

Kama kompyuta yako ni ya kuazima au ya intaneti kafe, tahadhari: virusi vya "shortcut" bado vipo, na vinapenda kadi na flashi. Vinaficha folda zako halisi na kuweka vijia bandia. Ukiona kila folda kwenye kadi limekuwa la KB chache lenye mshale, usilibonyeze. Fomati kadi kwenye mashine safi uanze tena.

Vitufe vya kujua siku ya kwanza

Ukiwa ndani ya gemu, MENU mara moja inakuletea orodha ya gemu ulizocheza karibuni, na unaweza kuruka kutoka moja hadi nyingine. Ukiishikilia inakutoa nje. MENU pamoja na SELECT inafungua menyu ya RetroArch, ambayo ndiyo injini ya emuleta hizi. MENU pamoja na kitufe cha sauti inapunguza au kuongeza mwanga. Kushikilia POWER kunahifadhi ulipofika na kuzima kifaa. Ukiwasha tena unarudi palepale.

Hapo kwenye kuhifadhi pana mtego. Kuna sevu ya gemu yenyewe, ile unayofanya ndani ya gemu kama ulivyofanya zamani, na kuna sevu ya emuleta inayopiga picha hali yote ya mashine wakati huo. Ya pili ni rahisi mno, na ndiyo maana watu husahau ya kwanza. Ila ukibadilisha emuleta, ile picha mara nyingi haifunguki tena, wakati sevu ya gemu kwa kawaida inaendelea. Kwa gemu ndefu fanya zote mbili.

Picha ikae vizuri

Sehemu hii naipenda, na wengi wanairuka. Picha za konsoli za zamani ni ndogo, na kioo chako kina nukta 640 kwa 480. PlayStation mara nyingi ilitoa 320 kwa 240: ukizidisha mara mbili unapata 640 kwa 480 kamili, kioo kimejaa bila ujanja wowote. Mega Drive ya 320 kwa 224 inajaza upana na kuacha mstari mwembamba mweusi juu na chini. Game Boy ya kwanza ni 160 kwa 144. Mara tatu inakuwa 480 kwa 432, na inapendeza sana.

Shida ni Game Boy Advance. Ni 240 kwa 160. Mara mbili ni 480 kwa 320, kingo nene nyeusi pande zote. Ukiivuta ijaze upana, inabidi izidishwe mara mbili na theluthi mbili, na nukta zinakuwa hazilingani: nyingine nene, nyingine nyembamba, na maandishi madogo yanatetemeka picha ikisogea. Mimi huchagua picha ndogo iliyo safi. Fungua MENU na SELECT, nenda Settings, Video, Scaling, washa Integer Scale, yaani kuzidisha kwa namba kamili tu. Kisha rudi Quick Menu, Overrides, uhifadhi kwa emuleta hiyo peke yake. Ukiacha kuhifadhi, mabadiliko yanaweza kupotea ukitoka. Ukihifadhi kwa zote, utavuruga konsoli nyingine. Kama macho yako yanataka picha kubwa, zima Integer Scale. Ni kioo chako.

Jambo jingine linalowashangaza watu wa kwetu: TV zetu za zamani zilikuwa za PAL, picha 50 kwa sekunde, wakati Marekani na Japani zilikuwa 60. Gemu nyingi za toleo la Ulaya hazikurekebishwa vizuri, hivyo zinakimbia polepole na muziki unakokota. Ukinakili CD au kaseti ya PAL, emuleta itaicheza kwa mwendo huohuo. Si kasoro ya kifaa. Ukiwa na nafasi ya kuchagua toleo, chukua la Marekani.

Ikigoma

*Imekwama kwenye nembo, au inaleta menyu ya kiwandani.* Rudi hatua ya 2 na ya 4. Kadi si FAT32, au mafaili yako ndani ya folda badala ya kuwa juu kabisa, au .tmp_update haikukopiwa. Vyote vikiwa sawa, jaribu kadi nyingine kabla hujamlaumu muuzaji wa kifaa.

*Gemu hazionekani.* Folda si sahihi, emuleta haijawekwa kwenye Package Manager, au hujasasisha orodha. Angalia kwa mpangilio huo.

*Gemu zinaonekana mara mbili, moja ikianza na nukta na mstari.* Hayo ni mabaki yanayoachwa na Mac. Futa yote yanayoanza na ._ usiguse mengine.

*PlayStation ni kioo cheusi.* Kwanza BIOS. Kisha fungua faili la .cue kwa Notepad. Ndani kuna mstari unaoanza na FILE wenye jina la .bin. Kama ulibadilisha jina la .bin baadaye, mstari huo unaelekeza kwa faili lisilokuwepo. Andika jina jipya, hifadhi. Gemu za CD mbili au tatu zigeuze ziwe .chd, yaani faili moja lililobanwa kwa kila CD, uandike faili la maandishi la .m3u lenye jina la kila CD kwenye mstari wake. Zinakuwa ndogo na unaweza kubadilisha CD ndani ya gemu.

*Gemu ya mashine za sarafu haifunguki.* Hizi ziache kwenye zip, na usibadilishe jina hata herufi moja, kwa kuwa emuleta inaitambua gemu kwa jina hilo. Mafaili yake pia lazima yalingane na toleo la emuleta. Kama haifunguki kwenye emuleta moja, jaribu nyingine. Za Neo Geo, mashine za kampuni ya SNK, zinahitaji pia BIOS yake, neogeo.zip.

*Wi-Fi haioni mtandao wa nyumbani.* Kifaa kinashika GHz 2.4 tu. Kwenye ruta au hotspoti ya simu, badilisha kutoka GHz 5. Wi-Fi ikishika, ingia Tweaks, Network, washa HTTP, nawe utaweza kutuma gemu kutoka kwenye kivinjari cha simu bila kuchomoa kadi. Ni njia nzuri kwa gemu ndogo. CD za PlayStation zipeleke kwa kadi rida.

*Sevu zimepotea baada ya kubadilisha kadi.* Hazikukopiwa. Zinakaa kwenye folda la Saves, ndani ya CurrentProfile. Kila mwezi likopi folda hilo lote kwenye kompyuta au flashi. Ni dogo, linachukua dakika chache. Ukipata kadi mpya, sakinisha Onion, kisha lirudishe lilipokuwa kabla hujafungua gemu yoyote.